Mashine ya Chini ya Meza

"Huyu ndiye mnyama," Elmer alisema, akalipiga kasha la kompyuta mgongoni kama mtu anayeuza fahali. "Ukimpeleka kwako, shemeji, majirani watadhani umefungua disko."

Teodomira Yauri alivuta futi iliyokuwa shingoni mwake, akalipima kasha kimo, upana na kina, kisha akainama kuchungulia ndani kupitia kioo cha ubavuni. Taa zilikuwa zinakimbizana, nyekundu, zambarau, kijani, na nyuma yake waya zimerundikana kama matumbo ya mbuzi ndani ya beseni. Feni moja ilishikiliwa na skrubu tatu.

"Ya nne iko wapi?"

"Ya nne nini?"

"Skrubu. Feni hii ina matundu manne."

"Aa, hiyo haina kazi. Nani ataiona?"

Teo alijinyoosha. Mafundi wa namna hii aliwajua vizuri, soko la nguo la Gamarra limewajaa. Mtu anashona mkono wa gauni la harusi ukaenda upande, badala ya kufumua anamwaga shanga juu ya mshono, na bibi harusi anapita anametameta huku bega moja limepanda. Watu wanapiga vigelegele. Fundi anachukua mteja mwingine.

"Mimi nina nafasi ya sentimita thelathini na moja," alisema. "Chini ya meza yangu, kati ya cherehani ya ovaloki na rafu ya nyuzi. Nataka dogo."

"Dogo la nini? La kuchapia risiti?"

"La kuchezea mchezo."

"La mjukuu wa nani?"

"Langu."

Elmer alicheka hadi akashika kaunta. Alikuwa mume wa Griselda, mdogo wake Teo, na kwa miaka tisa alikuwa na kibanda chake hapo Wilson, barabara ambayo Lima nzima huendea kutafuta kompyuta. Teo alipanga chumba cha juu nyumbani kwao, na kila mwisho wa mwezi Elmer alisimama chini ya mita ya umeme akaisoma kwa sauti, kama padri anayesoma majina ya marehemu.

"Njoo usikie hii!" alimwita jirani wa kibanda cha pili. "Shemeji yangu, miaka hamsini na sita, anataka mashine ya michezo! Na iwe ndogo, iingie kwenye mkoba wa sindano!" Akafuta macho. "Sikia, shemeji. Makasha madogo ni balaa. Mkono hauingii, joto halitoki. Hata mimi siyagusi. Utaunguza kila kitu, halafu utaniletea majivu."

"Hata wewe huyagusi," Teo alirudia, polepole, kama anayeandika kipimo cha kiuno. Akairudisha futi shingoni na kutoka nje, kwenye manyunyu ya Agosti.

Alinunua vipande vya mashine yake kwa wauzaji wengine, kimoja kimoja, kwa siku tatu. Kila kibanda kilimuuliza swali lilelile: cha mwanao, mama? Cha mjukuu? Mwanzoni alijibu. Baadaye aliona majibu ni uharibifu wa mate. Aliyemuuzia kadi ya picha alimweleza kwa sauti ya kumlaza mtoto kwamba kadi ni kitu kinachofanya picha zitokee. "Na wewe ni kitu gani?" Teo alimuuliza. Kijana akamfungia kadi bila neno la pili.

Ukweli ni kwamba Teo alikuwa akicheza kwa miaka kumi na miwili. Alianza jioni moja alipoingia kwenye chumba cha intaneti cha Don Abilio, hatua chache kutoka kituo chake cha basi, ili achapishe mchoro wa nembo ya shule. Mashine ya kuchapia ilikuwa na foleni. Akakaa kwenye kompyuta namba tisa, akaangalia skrini ya jirani yake: watu watano dhidi ya watano, mto katikati, ngome mbili, na kila mmoja akilinda njia yake. Aliona mara moja kwamba jirani yule hana subira. Kesho yake alirudi bila nembo.

Jina lake mle ndani lilikuwa Aguja, Sindano. Alicheza kama mpiga mishale. Hakuwa na kasi ya vidole vya vijana, lakini alikuwa na kitu wasichokuwa nacho: aliweza kukaa nyuma ya mti dakika sita bila kutikisika, akingojea mtu mmoja akosee hatua moja. Mtu aliyeshona zipu elfu ishirini hana haraka. Kwa miaka mitatu alikuwa na timu. Nahodha aliitwa Huaico, wa Trujillo, na wengine watatu walitawanyika nchi nzima. Hakuwahi kuwaona wala hawakuwahi kuisikia sauti yake, maana hedifoni za Don Abilio zilikuwa na vipaza sauti vilivyokwisha kutafunwa. Yeye aliandika tu, maneno machache. "Kushoto." "Ngoja." "Sasa."

Mwezi Julai Don Abilio alifunga. Watu siku hizi wana intaneti mifukoni, alisema, nani anataka kukaa kwenye kiti changu? Akafungua namba tisa kwa bisibisi, akatoa diski yake ndogo, bapa kama kipande cha chokoleti, akampa Teo imefungwa ndani ya leso. "Mchezo wako uko humu ndani, na kila kitu chako. Tafuta mwili wa kuutia."

Ligi ilianza Jumamosi, saa kumi alasiri. Huaico aliandika bila kupamba: asiyekuwepo saa kumi, nafasi yake inakwenda kwa mwingine.

*

Jumamosi adhuhuri Teo aliondoa vitambaa vyote kwenye meza ya kukatia, akatandaza shuka la pamba na kupanga vipande vyake juu yake. Kibanda chake cha kushonea kilikuwa ghorofa ya tatu, mita mbili kwa mbili, na alikitumia pamoja na Nilda, ambaye alishona sare za shule na kuongea bila kuweka nukta.

"Jirani, hiyo ndiyo kompyuta? Mbona imevunjika?"

"Haijaundwa bado."

"Nani anaunda?"

Teo alichukua bisibisi.

"Maria Mtakatifu," Nilda alisema, akavuta kiti karibu.

Teo alikuwa ameyasoma maelezo mara nne, kwa kidole, kama anavyosoma patani mpya ya nguo. Kabla ya kugusa kila kipande alishika kwanza mguu wa chuma wa cherehani. Miaka thelathini ya kushona poliesta ilimfundisha kwamba nguo hubeba umeme wake, ule unaokurukia kidoleni kama kiroboto. Aliketisha prosesa mahali pake, pembe yenye alama kwenye alama, bila kusukuma. Akabonyeza vibao vya kumbukumbu hadi vikalia *tak* pande zote mbili, akachomeka diski ya Don Abilio. Akafunga ubao mkuu, uliobeba vyote hivyo, kwenye kasha, kasha lenyewe dogo kuliko sanduku la viatu vya buti, akakaza skrubu kwa mpangilio wa msalaba, kidogo hapa, kidogo pale, kama anavyobana kitambaa kwa pini ili kisivute upande mmoja. Waya alizifunga kwa uzi wa nta, fundo dogodogo, kila baada ya vidole viwili.

"Nzuri," Nilda alikiri. "Utafikiri kamisi."

"Shemeji yako hafungi waya hivi?" Nilda aliuliza.

"Shemeji yangu hafungi hata kamba za viatu."

Kilichobaki kilikuwa kadi ya picha. Kwenye kasha dogo kama hilo haikuweza kusimama juu ya ubao. Ililala upande wa pili wa ukuta wa chuma, mgongo kwa mgongo na ubao, na viwili hivyo viliunganishwa na utepe bapa, mpana kama mkanda wa suruali, uliopita chini ya ukuta na kukunjwa. Teo aliukunja. Akaupitishia ukucha wa kidole gumba mara mbili, mkunjo ukakaa sawasawa kama pindo la suruali ya askari. Akafunga kasha. Lilikuwa safi, jeusi, bila taa hata moja.

Alilisukuma chini ya meza. Liliingia, likabakiza nafasi ya unene wa daftari kila upande. Akaunganisha skrini, akabonyeza kitufe.

Feni zilizunguka. Skrini ilibaki nyeusi.

Alizima, akawasha. Alichomoa waya wa skrini, akaupuliza, akaurudisha. Nyeusi. Aliweza kuuona uso wake mle ndani, na wa Nilda nyuma yake, mdomo wazi.

"Labda inataka muda."

"Hii si maharage, Nilda."

Saa nane na robo. Teo alikwenda msalani, akanawa mikono iliyokuwa safi, akakaa huko muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Aliporudi alimkuta Elmer ameketi kwenye kiti chake.

"Nimempigia mimi, alikuwa mtaa wa pili," Nilda alisema haraka, bila kuinua macho. "Nilikuonea huruma."

Elmer alikuwa amekwisha kufungua kopo la chakula cha mchana la Teo, kuku wa mchuzi wa pilipili manjano, akila kwa kijiko cha Teo. Aliinama chini ya meza mdomo ukiwa umejaa, akabonyeza kitufe, akasikiliza feni, akabonyeza tena. Hakufungua kasha. Hakugusa hata skrubu moja.

"Amekufa," alisema.

"Nani?"

"Ubao. Umeuchoma." Alionyesha mabunda ya poliesta kwa kijiko. "Na minailoni yote hii? Hapa pana umeme wa kuchomea kuku. Hii kazi inafanywa sehemu safi, shemeji, na watu wanaojua. Mimi nilikwambia. Sikukwambia?"

"Ulinambia."

"Nilimwambia," alimwambia Nilda, kama anayetafuta shahidi mahakamani. Akafuta mdomo kwa kipande cha kitambaa cha sare. "Sasa sikiliza, kwa kuwa ni damu. Hivi vitu mimi nitavibeba. Kadi pengine imepona, kumbukumbu pengine. Vipande tu. Nitakuondolea takataka hii, na yule mnyama nitakupunguzia bei. Utamweka chumbani, si hapa. Ila umeme tutaongea."

Teo alitazama mikono yake. Ilikuwa mikono mibaya, yenye vidole vilivyopinda kuelekea kulia kwa kufuata kitambaa maisha yote. Aliona, kwa mara ya kwanza tangu aanze kununua vipande vyake, uwezekano kwamba mjinga yule alisema kweli. Si kwa sababu alijua, maana hakujua kitu. Lakini hata saa mbovu husema kweli mara mbili kwa siku, na huenda hii ilikuwa mojawapo. Huenda kiroboto kimoja kilimponyoka kati ya mguu wa cherehani na ubao. Na hapo alijiona kama wenye vibanda walivyomwona: mama wa makamo, futi shingoni, ananunua vitu vya watoto.

"Chukua," alisema.

"Ndiyo akili hiyo. Acha nikatafute boksi chini." Elmer alisimama, akapangusa makombo yakaanguka kwenye shuka la pamba, akatoka akipiga mluzi.

Teo alipiga magoti ili alitoe kasha. Alikuwa na nia ya kulikabidhi, basi. Lakini hakuwahi maishani mwake kumkabidhi mtu nguo mbovu bila kuifungua mwenyewe na kuona ilipoharibikia. Kazi ikikataa, unaifumua. Unaifumua yote, kuanzia mshono wa mwisho kurudi wa kwanza, wala husemi labda ni hapa, labda ni pale. Mafundi wa shanga tu ndio wanaobahatisha.

"Jirani, ataibeba sasa hivi," Nilda alinong'ona.

"Nipe taa ya cherehani."

Mshono wa mwisho ulikuwa utepe. Aliondoa ukuta wa kasha, akaleta taa karibu, akavaa miwani juu ya miwani. Mkunjo wake ulikuwa pale, umenyooka, mzuri, mkali kama kisu. Aliufuata utepe hadi mwisho wake wa juu, mahali ulipoingia kwenye ubao, akaona. Upande mmoja wa kichwa cha utepe ulikuwa umeinuka. Ulikuwa unene wa uzi, wala haukuzidi hapo. Mkunjo ulikuwa mkali mno, ukavuta kichwa kikatoka mahali pake.

Alikaa kitako sakafuni.

"Mpumbavu," alisema.

"Elmer?"

"Elmer ni mpumbavu siku zote, hiyo si habari. Mimi." Akaugusa utepe. "Nimeupiga pasi. Kola ya koti huipigi pasi ikalala, Nilda. Alinifundisha nani mimi? Kola unaiachia ijiviringe yenyewe, la sivyo inavuta shingo. Miaka thelathini nawacheka wanaolaza kola."

Alichomoa utepe, akaulainisha mkunjo kwa kiganja, polepole, akaupitisha upya bila kuukunja, akiuacha upinde kwa uvivu wake, duara pana lililojaza nafasi yote iliyobaki. Akaketisha kichwa upande mmoja, kisha wa pili. Akakishikilia kwa subana ya kidole cha kati na kusukuma. Kililia *tak*, sauti ambayo mara ya kwanza haikuwapo na yeye hakuona kwamba haikuwapo.

Alipobonyeza kitufe, skrini ilikohoa mwanga wa kijivu, ikatoa maandishi meupe, kisha ikaleta picha ileile ya ziwa aliyoizoea kwenye namba tisa, na kwenye kona yake faili la nembo ya shule.

Nilda alipiga kelele, watu wa vibanda vya jirani wakadhani kuna mwizi.

Elmer aliingia amekumbatia boksi tupu la mafuta ya kupikia. Akatazama skrini. Akatazama kasha lililokuwa wazi, akatazama uzi wa nta uliofunga waya kila vidole viwili.

"Umefanya nini?"

"Nimefumua."

"Hapana, kweli. Umebadilisha kitu gani?"

"Ungelifungua ungejua," Teo alisema. "Boksi liweke hapo mlangoni, litafaa kwa vipande vya nguo. Na kijiko changu kioshe."

Elmer alisema joto litaiua kabla ya Krismasi. Alisema mita ya jengo hili nayo ina macho. Kisha akasema ana mteja, akaenda. Kijiko hakukiosha.

*

Saa kumi kasoro dakika nne Teo alivaa hedifoni mpya. Zilikuwa na kipaza sauti kilicho kizima, na alikuwa amekisahau kabisa hadi alipowasikia. Sauti nne, karibu na masikio, zikicheka na kutukanana. Huaico alikuwa na sauti nyembamba kuliko alivyomdhania.

"Sindano yuko mtandaoni! Sindano, ulikuwa umekufa?"

"Nilikuwa najenga mashine," Teo alisema.

Vicheko vilikatika.

"Nani huyo?" Huaico aliuliza. "Sindano, mwambie mama yako atoke kwenye kipaza sauti, tunaanza."

"Mama yangu alikufa mwaka wa tisini na nne. Ni mimi. Njia ya kushoto haina mtu."

Mmoja akaguna, na Huaico akaanza kucheka, kicheko ambacho Teo alikuwa amekisikia wiki nzima huko Wilson. Akakitambua kama mtu anavyotambua kitambaa gizani, kwa kukishika tu.

"Ngoja, ngoja. Miaka mitatu tunacheza na bibi? Una miaka mingapi, wewe?"

"Hamsini na sita."

"Hamsini na sita! Jamani. Wakijua hawa wa upande wa pili tutakuwa katuni ya ligi nzima. Bibi, usinielewe vibaya, lakini hii ni mechi ya kweli."

"Mwezi uliopita ulikufa mara kumi na moja kwenye mechi moja," Teo alisema. "Mimi mara mbili. Sikukucheka."

Pembe ilipulizwa, milango ya ngome ikafunguka. Mhusika wa Huaico kwenye skrini alibaki amesimama palepale uani, mikono kiunoni, na karibu naye wakasimama wale wengine watatu. Walikuwa wamegoma. Katika sikio lake Teo alisikia mtu akivuta pumzi kama anayetaka kusema jambo, akaliacha.

Nilda alikuwa amezima cherehani yake. Alisogeza kiti hadi begani mwa Teo.

Teo alidhani angeumia zaidi. Aliumia, ndiyo. Hawa wanne alikuwa amewaweka kando na dunia nzima ya watu wa shanga, na kumbe na wao walikuwa walewale. Lakini mkono wake wa kulia ulikuwa umekwisha kushika kipanya, na vidole vilivyopinda vilikaa juu yake kana kwamba kilichongwa kwa ajili yao. Chini ya meza, karibu na goti lake, mashine ilinguruma kwa sauti ndogo na kumpulizia joto kwenye kifundo cha mguu.

Alimtoa mpiga mishale wake langoni, peke yake, akamwelekeza kushoto. Maji ya mto yalikuwa ya kina cha goti. Alivuka taratibu, bila kukimbia. Katikati ya mto aliona viduara vya maji vikitanuka ubavuni mwake, ambavyo havikutoka kwenye miguu yake. Mmoja wa wenzake wanne alikuwa ameiacha ngome, akimfuata. Matawi ya ukingoni yalimficha kichwa na jina lililoelea juu yake. Teo hakugeuza picha kumtazama. Alipunguza mwendo kidogo, kiasi cha mtu mwingine kuweza kumfikia, akaendelea kuelekea kwenye miti.